Kutuma kifurushi kutoka Kigoma, ndani na nje, bila kulia pale kaunta

Mwezi uliopita kava la simu lilinifikia Kigoma kutoka China, usafiri bure, nililipa buku nne na kitu ya kava lenyewe basi. Wiki hiyohiyo nikamtumia mteja wangu wa Mbagala vitenge doti mbili, kwa basi nikalipa elfu tano, boda ya kutoka stendi ya Mbezi mpaka kwake elfu kumi na mbili. Akanipigia saa hiyohiyo: "Dada, yani elfu kumi na saba kupokea vitenge viwili? Si bora ningeagiza China?" Sikuwa na jibu, nikamwambia tu pole mdogo wangu, maisha yamepanda.

Jibu ninalo sasa, ila limenigharimu. Mi nauza vitenge na dagaa, nina kimeza soko la Mwanga na wateja wengi nawapata wasapu, kwahiyo kutuma mizigo ndo kazi yangu ya kila wiki, Dar, Mwanza, Arusha, na wale wa nje kina shangazi walioolewa Ujerumani na wadogo zetu waliokwenda kusoma Uingereza. Nimeshalipa usafiri mkubwa kuliko mzigo, nimeshabebeshwa bei ya kilo ambazo sikuzipeleka, na mzigo umeshawahi kunirudia. Haya ndo ninayofanya siku hizi, chukua yanayokufaa.

Kwanza kabisa toa kichwani habari ya kilomita. Wengi tunapiga hesabu kama nauli, Dar ni mbali kwahiyo elfu kadhaa, Ulaya ni mbali zaidi kwahiyo mara mia. Kifurushi hakilipi nauli ya abiria. Toka Kigoma mpaka Dar kwa reli ni kilomita 1,250 na ushee, na basi lako linakesha njiani, lakini lile basi lilikuwa linaenda tu hata usingekuja, boksi lako kule chini kwenye buti haliongezi mafuta ya kuonekana, na gharama ya safari imegawanywa na abiria wote na viroba vyote vya dagaa vilivyopakiwa. Hela inaliwa mwanzo na mwisho. Mwanzo kuna mtu wa kupokea, kupima, kuandika, kubandika. Mwisho kuna mtu wa kulichomoa boksi lako kwenye lundo na kulipeleka kwa mtu mmoja tu, na hapo huna wa kugawana naye. Rudi kwenye hesabu yangu ya Mbagala: basi limetoka ziwani mpaka karibu na bahari kwa elfu tano, boda imevuka jiji moja kwa elfu kumi na mbili.

Sasa kava la China lilikujaje bure? Halikuja bure. Muuzaji usafiri ameshauingiza kwenye bei, we unaona neno bure unafurahi. Alafu yule hatumi kava moja, anatuma maelfu kwa siku, kwahiyo anapewa bei ya jumla, kama we unavyonunua dagaa kwa gunia pale mwalo wa Kibirizi na mwenzio ananunua kwa kisado, hamuwezi kuwa na bei moja.

Na kuna la tatu ambalo wengi hawalijui, nalo ndo tamu. Posta za dunia zina umoja wao, Umoja wa Posta Duniani, makao makuu Bern kule Uswisi, mkataba wake wa kwanza ni wa mwaka 1874. Makubaliano yenyewe ni kwamba barua ikitoka nchi moja, posta ya nchi inapokwenda lazima imfikishie mwenyewe. Mwanzoni kila nchi ilibaki na hela yake ya stempu, waliamini anayeandikiwa atajibu, kwahiyo mwisho wa siku kazi inalingana. Haikulingana. Kuna nchi zinatuma tu na kuna nchi zinapokea tu. Ndo mwaka 1969 kwenye mkutano wao wa Tokyo wakakubaliana kwamba posta inayotuma iilipe posta inayopokea kitu fulani kwa kazi ya kusambaza, na baadaye nchi zikawekwa kwenye makundi, zilizoendelea zinalipana zaidi na zinazoendelea zinalipa kidogo. China ilikaa muda mrefu upande wa wanaolipa kidogo. Matokeo yake kamzigo ka chini ya kilo mbili kakawa kanatoka China mpaka mlangoni kwa mtu Marekani kwa bei ndogo kuliko Mmarekani akimtumia Mmarekani mwenzake mji wa pili! Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika miaka, mpaka Oktoba 2018 serikali yao ikatoa taarifa kwamba inajitoa kwenye umoja, Septemba 2019 ukaitishwa mkutano wa dharura Geneva, wakaelewana, na kuanzia Julai 2020 Marekani inapanga yenyewe bei ya kupokea hiyo mizigo midogo. Kwahiyo mdogo wangu wa Mbagala ukisoma hapa ujue hata matajiri walilia kilio chako.

Hiyo hadithi inakusaidia nini we wa Kigoma? Inakusaidia kujua mlango rahisi uko wapi. Hizo nafuu ziko kwenye paketi ndogo, ile ambayo haizidi kilo mbili, na Tanzania nayo imo humo kwenye nchi zinazoendelea. Ukivuka kilo mbili unahamishiwa kwenye jedwali la vifurushi, bei nyingine, fomu nyingine. Mi hili nimejifunza kwa gramu arobaini.

Ilikuwa mzigo wa shangazi, doti kadhaa za vitenge na kanga mbili, nikaweka kwenye boksi la viatu, boksi la viatu nikaliweka ndani ya boksi lingine maana niliambiwa Wazungu wanarusha mizigo, nikazungusha selotepu mpaka likawa linang'aa. Nimefika kaunta kijana akaliweka kwenye mzani, akaangalia, akanigeuzia kile kioo nione mwenyewe: 2,040.

"Dada, imezidi."

"Imezidi ngapi?"

"Gramu arobaini."

"Si arobaini tu mdogo wangu, nisaidie."

"Dada yangu, mashine haibembelezwi."

Akanitajia bei ya upande wa pili nikaomba arudie. Alafu kwa roho nzuri akanipa mkasi. Nikachana pale pale kwenye benchi, watu wananiangalia, nikatoa vitenge, maboksi yote mawili na selotepu yake nikayaweka matupu kwenye mzani, gramu 280! Yani nilikuwa namtumia shangazi makaratasi. Vitenge havivunjiki jamani. Nikavikunja upya, nikavifunga kwenye nailoni nzito, juu nikavalisha mfuko mgumu wa khaki, ikasoma 1,810, nikalipa bei ya paketi ndogo nikaondoka zangu natokwa jasho.

Kwahiyo pima nyumbani. Kama huna mzani nenda kwa muuza dagaa yeyote mwenye mzani wa kidijitali, mpe salamu nzuri atakupimia. Pima ukiwa umeshafunga, alafu acha nafasi ya gramu hamsini mpaka mia kwa ajili ya fomu na lebo. Bei ya posta inapanda kwa ngazi, haipandi kidogokidogo, kwahiyo ukiwa umezidi ngazi kwa kitu kidogo punguza, na ukiwa chini ya ngazi na nafasi bado ipo ongeza doti moja maana unailipia hiyo nafasi hata ikienda tupu. Na ukiwa na kilo tatu na nusu usikimbilie kufunga furushi moja, muulize wa kaunta bei ya furushi moja na bei ya paketi mbili, chukua kalamu ulinganishe, mara nyingine mbili ndo nafuu na mara nyingine siyo. Uliza pia vipimo vya ukubwa, paketi ndogo urefu, upana na kimo ukivijumlisha visizidi sentimita 90 na upande mmoja usizidi 60.

Sasa ukubwa. Hapa ndo wauza makapu wanakufa. Kampuni za kimataifa za kusafirisha, zile za ndege za haraka, hazipimi uzito peke yake, zinapima na nafasi, alafu zinachukua kilicho kikubwa. Unapima sentimita urefu mara upana mara kimo, unagawa kwa 5,000, unapata kilo za nafasi. Nilipeleka makapu mawili ya kusuka kwenye ofisi moja, sitaitaja, boksi sentimita arobaini kila upande. Mzani ukasoma kilo mbili na pointi tatu nikatabasamu. Dada wa pale akatoa futi kamba, akapima pande tatu, akabonyeza kikokotoo: 40 mara 40 mara 40 ni 64,000, gawa kwa 5,000 unapata 12.8, wakazungusha juu ikawa kilo 13. Nikalipia kilo 13! Nilikuwa nasafirisha hewa ya Kigoma kwenda Ulaya. Ningekuwa na akili ningeingiza kapu dogo ndani ya kubwa, tumbo la lile dogo nikajaza vitenge, ile hewa ikawa biashara. Kuanzia siku hiyo sinunui boksi kabla ya kujua mzigo unakaaje, nakata boksi liufuate mzigo.

Hao wa haraka wanaongeza pia ada ya mafuta, na kwa sehemu wanazoziona ziko pembezoni wanaongeza ada ya maeneo ya mbali, hata anwani ya anayepokea inaweza kuwa pembezoni kwao. Usiulize "bei gani kwenda Uingereza", uliza "jumla yote nitakayolipa mimi leo ni ngapi, na kuna chochote atakacholipa anayepokea?" Waambie wakuandikie. Mi nawatumia kwa nyaraka na vitu vya haraka kweli, vitenge vya shangazi havina haraka.

Tuje kwenye mabasi maana ndo wengi tunatumia. Bei ya basi ni bei ya macho, karani anaangalia boksi, anaangalia sura yako, anataja. Ukifika alfajiri gari linaunguruma na abiria wanagombana viti, hapo huna nguvu ya kuongea, utalipa unachoambiwa. Nenda mchana au jioni ya siku ya kabla, pale stendi ya Masanga makarani wamekaa wanakunywa chai, mnaongea kama ndugu. Mzigo wa mraba unaopangika unalipa kidogo kuliko kiroba kilichovimba tumboni, hata kama kilo ni zilezile, kwa sababu buti nayo ni nafasi (umeona, ni stori ileile ya makapu, tofauti basi halina kikokotoo). Andika kwa maka peni kubwa, pande mbili za mzigo: jina la anayepokea kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, namba zake mbili za simu, namba yako, na KIGOMA – DAR MBEZI. Dai risiti, hakikisha imeandikwa thamani ya mzigo na siyo "boksi 1" tu, piga picha mzigo ukiwa na maandishi, piga picha risiti, chukua namba ya gari. Mkubaliane wazi nani analipa, huku au kule, maana nimeshaona mzigo unalipiwa mara mbili na hakuna wa kumrudishia mtu hela yake.

Alafu ile boda ya Mbezi. Hapa nilikaa nikajiuliza, kama Mchina anashinda kwa sababu anatuma kwa pamoja, mi nashindwa nini? Sasa hivi mizigo ya Dar naikusanya mpaka alhamisi, naifunga yote kwenye kiroba kimoja, kila mteja na kifuko chake na jina, namtumia mdogo wangu anayekaa Kimara. Wiki iliyopita vilikuwa vifuko saba, kiroba kizima nimelipa elfu kumi na tano, yani kila mteja elfu mbili na mia kidogo. Yeye ana boda wake mmoja, wa Mbagala na Temeke wanapangwa siku moja, wa Kinondoni na Mwenge siku nyingine, wanaoweza kufuata wanafuata Kimara wenyewe. Yule mteja wangu wa Mbagala sasa hivi analipa elfu sita, ananuna lakini ananunua. Huna ndugu Dar? Tafuteni wauzaji watatu wanne hapo sokoni mchangie kiroba na mtu wa kupokea.

Posta ya ndani watu wanaisahau. Mi naipenda kwa vyeti, nyaraka, na vitu vidogo vinavyokwenda sehemu ambayo kwa basi lazima mzigo ubadilishe gari, mfano Mtwara au Zanzibar, maana kila ukibadilisha gari kuna mtu mwingine wa kumlipa na mkono mwingine wa kupoteza. Ukitumia EMS, ile huduma ya haraka ya posta, unapewa namba ya kufuatilia. Andika sanduku la posta kama analo, simu ni lazima, na postikodi ukiijua, za Kigoma zinaanza na 47 na za Tabora na 45.

Kuna kituko cha kwetu sisi wa mpakani lazima nikiseme. Bujumbura ni nje ya nchi, Dar ni ndani, lakini Bujumbura iko karibu mara nyingi kuliko Dar. Ukiingia ofisini ukasema Burundi unafunguliwa jedwali la nje, fomu za forodha, kila kitu. Wakati jirani yangu anapeleka mzigo Manyovu pale mpakani na gari la abiria asubuhi, au unapanda boti Kibirizi. Hiyo siyo kosa ukifuata forodha, we usipitishe usiku kwenye vichaka ukaja kusema nilisoma mahali. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unaombea cheti rahisi cha asili pale pale mpakani ili usitozwe ushuru wa forodha. Burundi iliingia jumuiya 2007 na Kongo 2022. Angalizo moja, kitenge kilichotengenezwa China hakigeuki kuwa cha Afrika Mashariki kwa sababu kimelala Mwanga wiki mbili, dagaa na mawese ndo vyetu.

Fomu ya forodha ya kwenda mbali sasa, usiijaze ukiwa umesimama kwenye foleni. Mzigo mdogo wenye thamani ndogo unajaza CN22, ile ndogo ya kubandika, wenye thamani kubwa zaidi CN23. Andika kitu chenyewe. "Nguo" haitoshi, "zawadi" ndo kabisa haitoshi, andika "kitenge cha pamba, doti 5", uzito wake, thamani yake kwa kila aina. Taarifa hizo siku hizi zinaingizwa kwenye mfumo na kutangulia kwa mtandao kabla mzigo haujafika, maelezo ya ovyo yanaukwamisha. Wakikuomba namba ya bidhaa ya forodha usishtuke, samaki wakavu ni 0305, asali 0409, mawese 1511. Lugha andika ya nchi unapopeleka au Kiingereza.

Thamani andika ya kweli. Najua tunapenda kuandika shilingi mia, lakini mzigo ukipotea utalipwa hiyo mia. Na ukweli una nafasi yake: Uingereza zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi pauni 39 haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, nchi za Umoja wa Ulaya ni euro 45. Ikizidi, shangazi atalipa kodi na juu yake ada ya kuushughulikia mzigo, na hiyo ada ndo inauma kwenye mzigo mdogo. Hii ni kwa zawadi tu, ukimuuzia mtu ni habari nyingine, ule msamaha wa kodi hiyo kwa vitu vidogo vya kununua Uingereza waliufuta Januari 2021 na Ulaya Julai 2021. Marekani nao ule msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 wameuondoa tangu tarehe 29 Agosti 2025, na siku zile posta za nchi nyingi zilisimamisha kwanza kupokea mizigo ya kule, kwahiyo ya Marekani uliza kaunta kabla hujafunga.

Vya kula. Dagaa watu wanafunga kwenye gazeti na mfuko mmoja, alafu wanashangaa mzigo wa jirani umenuka na karani amegoma. Anika tena juani siku moja hata kama umeuziwa wakavu, ziache zipoe kabisa, funga nailoni nzito, toa hewa, funga ya pili, alafu ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Ukifunga za moto zinatoa jasho, zikifika Dar zina ukungu. Mawese usitume kwenye chupa za maji zile laini, kwenye baridi yanaganda na kwenye joto yanatanuka, kifuniko kinaachia. Mi niliwahi kupaka rangi begi la abiria wa watu kwa lita tano za mawese, kosa langu mwenyewe, kidumu nilijaza mpaka shingoni. Acha nafasi ya vidole vitatu, weka nailoni chini ya kifuniko kabla ya kukaza, kidumu kisimame ndani ya ndoo. Wenzetu wa Tabora na asali yenu ni hivyohivyo, tofauti yenu ni kwamba ikimwagika mnaleta na nyuki. Kwenda nje, vimiminika wengi wanavikataa, na Ulaya nyama na maziwa vya kutumiwa na mtu binafsi haviingii. Pauabenki na betri zilizo peke yake, pafyumu, rangi ya kucha, vipuliza vya kopo, usiweke kwenye mzigo wa posta wa kwenda nje, vinapanda ndege hivyo.

Ukishalipa utapewa namba ya herufi mbili, tarakimu tisa, alafu TZ mwishoni. Ikianza na E ni EMS, R ni rejista, C ni kifurushi. Mtumie anayepokea siku hiyohiyo, kwa picha, usimsomee kwa simu. Ikikaa kimya wiki moja usianze kupiga kelele, mzigo ukiwa safarini hausomwi na mtu, unasomwa ukipokelewa upande wa pili.

Na kuna kisehemu kwenye fomu ya kifurushi watu tunaruka, kinauliza mzigo ukishindikana kufika ufanyweje, urudishwe au utelekezwe. Niliweka tiki kwenye kurudishwa bila kufikiri, mzigo wa binamu yangu, dagaa kilo tatu. Binamu akawa amehama nyumba hajaniambia, na namba ya simu niliyoandika ni ya zamani. Miezi minne baadaye napigiwa nije kuchukua mzigo wangu, nimefika nafurahi nikidhani nimetumiwa kitu, naona mwandiko wangu mwenyewe. Nikalipia na gharama ya kurudi. Nikaufungulia nje uwani, paka wa jirani akaja mbio, akanusa, akageuka akaondoka. Siku hizi vya kula naweka tiki pale pa kutelekeza.